Kichwa cha Shemeji na Pigo la Kwanza

Jumatatu, 4 Novemba

Nimedhulumiwa. Tena! Na safari hii mbele ya watu.

Baada ya darasa Guruji, mwalimu wetu wa uimbaji, ametangaza kwamba Jumapili, siku ya kumbukumbu ya marehemu mwalimu wake (hapo akagusa sikio kwa heshima, nasi sote tukagusa sikio, mimi yote mawili), kila mwanafunzi ataimba. Atakayetulia ndani ya raga, yaani sauti alizopewa, na ndani ya tala, yaani mzunguko wa mapigo, atafungwa uzi. Uzi mwekundu! Kwenye mkono wa kulia, mji wote wa Dharwad ukitazama. Ukishafungwa huitwi tena mwanafunzi, unaitwa mtoto wa nyumba. Usipofungwa, hata uimbe mpaka meno yang'oke, wewe ni mpita njia.

Mimi ni mpita njia wa miaka kumi na moja. Nilianza kuja hapa nywele za Guruji zikiwa nyeusi. Kule ofisi ya ardhi nimeshawaambia wote kwamba mwaka huu ni wangu. Kweli, mwaka jana niliwaambia hivyo hivyo.

Halafu akagawa raga. Vasudha Mirji, daktari wa meno aliyejiunga juzi tu, kapewa Yaman. Sauti zote saba, tena na moja ya kupindisha. Mimi? Bhupali. Sauti tano! Sa, re, ga, pa, dha, basi, kwisha. Watoto wenye kamasi huanza na Bhupali. Nikauliza kwa adabu kama sijakua bado. Guruji akasema asiyeweza kuchunga ng'ombe watano asiombe saba. Watu wakacheka. Kashinath, mpiga ngoma zetu za tabla, akacheka kupita inavyolazimu.

Raga siiogopi. Ninachokiogopa, na nakiandika humu tu, ni tala ya polepole. Mapigo ni kumi na mawili, yanazunguka, na kila mzunguko lazima neno lako litue juu ya pigo la kwanza sawasawa na tabla. Lakini kutoka pigo la kwanza hadi pigo la kwanza lingine mtu anaweza kuchemsha chai, akainywa, akaosha na kikombe. Mimi hupotea hapo katikati. Kosa ni la wapiga tabla, madoido yamewazidi. Guruji kila siku ananiambia nihesabu kwa mkono: kofi, kofi, na penye pigo tupu mkono upepee hewani. Nimejaribu. Mkono wangu na koo langu havisalimiani.

Jumanne, 5 Novemba

Nimeamua kulimaliza jambo hili kiutu uzima.

Nimekwenda kwa Kashinath na boksi la pedha, peremende za maziwa, zile nzuri zenye sukari juu, kutoka jiko la shemeji yangu Wadiraj. Nikamsifu mikono. Nikamuuliza hali ya mama yake. Kisha nikamwomba jambo dogo, la kindugu: Jumapili, kila pigo la kwanza likifika, alipige kwa nguvu kidogo. Au akohoe. Hata kukohoa kunatosha.

Akala pedha ya kwanza. Akasema tabla si kengele ya stesheni. Akala ya pili. Akasema pigo la kwanza halijifichi, ni mimi ninayejificha. Ya tatu aliila akiniangalia tu machoni. Akasema niende kila alfajiri, atanipigia bure, tuhesabu pamoja mpaka mwili uzoee. "Hesabu haiogi kwa niaba ya mtu, bwana Huilgol. Ingia majini mwenyewe."

Alfajiri! Kila siku! Huyu mtu ananionea wivu. Nikadai boksi langu. Lilikuwa tupu.

Jumatano, 6 Novemba

Akili imenijia bafuni.

Kila raga ina saa yake. Yaman ni ya jioni, taa zikiwashwa. Kuiimba asubuhi ni kama kumtakia mtu usiku mwema akiwa anapiga mswaki. Sasa basi! Kama Vasudha atawekwa asubuhi, Yaman yake itakuwa haina kazi, na kujifunza raga mpya kwa siku hizi zilizobaki hawezi hata kwa uchawi.

Nikamwendea Guruji kwa unyenyekevu mkubwa. Nikasema mbona kumbukumbu yote iwe jioni, wageni wa Hubli watarudi saa ngapi nyumbani, si vizuri tukawa na kikao cha asubuhi pia? Nikaongeza kwamba marehemu (masikio yote mawili) nasikia alipenda sana kuimba asubuhi. Macho ya Guruji yakang'aa. Akasema kweli, alipenda. Akasema kumbe na mimi huwa nafikiria watu wengine.

Nikadokeza tu kwamba mabinti hupendeza zaidi asubuhi. Akasema ataangalia.

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Mke wangu Indumati akauliza nimeokota nini. Nikamwambia mwanamume mwenye mipango haokoti, anavuna.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimewekwa asubuhi. MIMI.

Guruji anasema Vasudha asubuhi ana wagonjwa, hata Jumapili. Halafu anasema mwenye wazo zuri ndiye aliwashe jiko. Wote wakanipongeza. Vasudha akasema, "Mjomba Huilgol, umefanya jambo la maana sana." Mjomba! Nina miaka hamsini na miwili tu, na meno yangu yote, ingawa hilo halimfurahishi mtu wa kazi yake.

Halafu ndipo nikakumbuka. Bhupali nayo ni ya jioni.

Sikulifikiria hilo. Mtu hawezi kufikiria kila kitu.

Guruji akasema nisitaabike, nitaimba Deshkar. Ya asubuhi, na sauti ni zile zile tano. Nikashusha pumzi. Zile zile! Basi nitaimba Bhupali yangu na kuiita Deshkar, nani atajua? Nikaanza. Sikumaliza mstari, Guruji akainua mkono. Akaeleza kama anayemweleza mtoto. Ni watu walewale watano, akasema, ila wamehamia nyumba nyingine. Jioni mwenye nyumba ni ga, ndiye mwenye kiti. Asubuhi mwenye nyumba ni dha, yule wa juu kule. Ga anakuwa mgeni: anachungulia mlangoni, anabisha, anasalimu, anakwenda zake. "Ukimkalisha ga kitini asubuhi, umewaletea watu jioni kabla hawajanywa chai."

Tukarudia. Ga ananivuta kama nyati anavyovutwa na zizi lake. Miaka yote hii nimemkalisha, leo nimfukuze? Kila nikimkaribia, Mama, mke wa Guruji, anapaza sauti kutoka jikoni anakokata bilinganya: "Toka hapo! Dha! Dha, we mwanamume!" Nikitoka, nikirudi, naye huyo. Kisu kinagonga ubao. Nimesahihishwa na bilinganya mchana kutwa.

Tala hatukuigusa hata kidogo. Guruji alichoka.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimepata! Nimepata, nimepata.

Katika mikutano yetu wale wazee wa safu ya mbele, wajuzi, pigo la kwanza likitua huangusha kichwa. Wote kwa pamoja, kama mtama umepitiwa na upepo. Tatizo ni kwamba wengine huanguka mapema kwa kujionyesha, na wengine hutikisa tu ovyo. Mwimbaji ufuate kichwa gani? Unahitaji kichwa kimoja. Kichwa chako mwenyewe. Cha familia.

Shemeji Wadiraj! Hajui raga hata moja, lakini tangu utotoni anapiga matoazi hekaluni kila Alhamisi. Hesabu imo mwilini mwake kama mafuta. Nikamwita jioni, nikaweka kaseti ya tabla ya polepole, nikamwambia kila pigo la kwanza likifika aangushe kichwa. Akaangusha. Nikaimba nikimtazama. Nikatua! Tena nikatua! Mara ya kwanza maishani! Nilitamani kumbusu kipara.

Akauliza kama si ujanja huo. Nikamwambia ni ushirikiano. Akataka skuta yangu wiki nzima. Anayo tangu saa moja jioni.

Indumati kutoka chumbani: "Baba Suma, si ungejifunza tu kuhesabu?" Wanawake hawaelewi sanaa.

Jumamosi, 9 Novemba

Vasudha amejitolea kukaa nyuma yangu kesho anishikie tanpura, kile chombo cha nyuzi kinachonguruma nyuma ya mwimbaji. Wagonjwa je? Ameahirisha. Kwa ajili yangu! Nani anaahirisha jino la mtu kwa ajili ya mpinzani wake, kama hana lake jambo? Nikamwambia asante, nitatumia kile kisanduku cha umeme kinachoiga mlio wake. Guruji akasema nyumbani mwake kisanduku hakitalia siku ya mwalimu wake. Basi atakaa nyuma. Nimejiapiza kutosikiliza chochote kitakachotoka nyuma.

Wadiraj kapata oda ya harusi. Ndoo na ndoo za maziwa, na maziwa ya pedha hayaachwi peke yake, lazima yakorogwe mpaka yakauke. Nikamuuliza kama atafika. Akasema, "Shemeji, nitatoka jikoni nije moja kwa moja. Kichwa changu ni chako."

Nimelala fofofo mchana. Nimekunywa maji ya moto na tangawizi. Shati nimepiga pasi mwenyewe, mkono wa kulia nikaukunja juu kidogo ili uzi uonekane.

Jumapili, 10 Novemba

Naandika kwa sababu nisipoandika nitapasuka.

Ukumbi ulijaa. Wazee wote wa mjini wenye masikio. Bosi wangu wa ofisi alikuja na mkewe. Wadiraj safu ya mbele, katikati kabisa, ananukia maziwa, macho mekundu kama pilipili za kukaanga. Akanionyesha kidole gumba. Kashinath akakaza ngozi za tabla yake. Tanpura ikaanza kunguruma nyuma yangu, vizuri, siwezi kusema uongo.

Nikaanza. Dha wa juu, akakaa kitini. Ga nikampitisha mlangoni kama mgeni. Kichwa cha Wadiraj kikashuka. Nikatua. Ukumbi wote: "Waah!" Mzunguko wa pili, kichwa kikashuka, nikatua. "Waah!" Nikamwona Guruji akifumba macho kwa raha. Miaka kumi na moja sijawahi kumwona akinifumbia macho kwa raha. Nilisema moyoni, Huilgol, wewe ni mtoto wa nyumba hii.

Kichwa kikashuka.

Mapema kidogo, lakini kichwa ni kichwa. Nikatua. Kashinath akanitazama kama mtu aliyeruka kwenye treni kabla ya stesheni. Mara kichwa kikainuka na kushuka tena. Mbona upesi hivyo? Lakini mkataba ni mkataba, nikatua tena, nikameza nusu ya neno. Kikashuka tena! Nikatua! Nilikuwa natua kama kunguru kwenye jaa. Halafu kichwa kikalala juu ya kifua na hakikuinuka.

Kalala! Mjinga kalala!

Nifanyeje? Nikashika sauti nikasubiri. Sauti iliyokuwa karibu. Nikaishika kwa muda mrefu sana, macho kwenye kipara cha shemeji, namwomba Mungu, namwomba mama yake mzazi. Nyuma yangu Vasudha ananong'ona, "Dha, Mjomba, dha." Niliapa kutosikiliza. Nikaishika. Ndipo kutoka jikoni, mbele ya Dharwad, Hubli na bosi wangu: "GA! Kamkalisha ga! Toka hapo, we Huilgol!"

Mzee mmoja wa safu ya pili akamgeukia mwenzake. Akauliza mbona taa hazijawashwa, kumbe magharibi imeshaingia. Mwenzake akafunga kifungo cha sweta.

Watu walijaribu kutocheka. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba walijaribu. Kicheko kikamwamsha Wadiraj. Kwa kuwa yeye ni mtu wa ahadi, akaangusha kichwa kwa nguvu zake zote na kupiga kelele "Waaah!" Juu ya pigo tupu. Pale ambapo hata mkono haupigi, unapepea tu. Kashinath aliacha kupiga, akajifuta machozi kwa upindo wa shati.

Nilimaliza. Sijui nilimalizaje.

Jioni Vasudha akaimba Yaman. Ilikuwa nzuri, haya, nimeandika. Guruji akamfunga uzi. Na nani alishika sinia yenye uzi, dengu na sukari guru? Mimi. Kwa sababu mimi ndiye mkubwa kwa umri, wakasema. Guruji alimlisha dengu na sukari guru kwa mkono wake, kama desturi, nami nimesimama hapo na sinia kama meza. Vasudha akainama akagusa miguu ya Guruji, kisha, mbele ya wote, akagusa na yangu. Sikujua nitazame wapi.

Watu walipoondoka Guruji akaniita. Nilitarajia matusi. Nilishaandaa majibu. Hakutukana. Akasema ile mizunguko miwili ya kwanza ilikuwa Deshkar halisi, na kwamba sauti yangu ndiyo bora kuliko zote zilizomo darasani, amelijua hilo tangu siku ya kwanza. Akasema hajawahi kunifunga kwa sababu mwalimu wake (sikio) alimpigisha makofi mwaka mzima bila kuimba hata neno moja kabla ya kumfunga yeye, nami kila akinipa makofi naleta pedha. Halafu akasema moyo wake siku hizi si mzima, daktari anamwambia apunguze ngazi. "Sitaki kufa kabla sijakufunga, Huilgol. Njoo kesho alfajiri. Usiimbe. Piga makofi tu."

Nililia njiani. Nilikwenda kwa miguu, skuta anayo Wadiraj. Nikaapa kwa miguu ya Guruji kwamba nitabadilika. Mwisho wa ujanja. Indumati aliponiona akaniwekea mkate wa mtama na siagi. Nililia tena kidogo juu ya mkate.

Jumatatu, 11 Novemba

Alfajiri. Baridi ya kukata masikio. Nimefika kabla ya muuza maziwa.

Guruji akaketi akanionyesha. Alipiga makofi ya mzunguko wa polepole, mfululizo, muda mrefu, mkono ukipepea penye pigo tupu, ametulia tuli, hata pumzi yake ilikuwa ndani ya hesabu. Ni mkono wa mzee lakini haukukosea hata unywele. Nikamwomba ruhusa kurekodi kwa simu ili nijifunze nyumbani. Alifurahi. Akasema hilo ni jambo la mwanafunzi wa kweli.

Kisha mimi. Nikapotea. Nikaanza upya. Nikapotea. Viganja vimekuwa vyekundu kama nyanya. Magoti yanauma. Mwaka mzima? Mwaka ni mrefu kuliko watu wanavyodhani. Na kusema kweli, mtu mwenye sauti bora kuliko zote darasani (maneno yake mwenyewe) anahitaji makofi ya nini?

Guruji anasema kesho atakuwa chumba cha ndani kwenye sala zake, mlango umefungwa, lakini atanisikiliza. Hatoniona. Atasikia tu.

Nimelifikiria hilo njia nzima.

Jumanne, 12 Novemba

Siku njema kuliko zote mwaka huu!

Nimefika, nimeketi, nimesubiri mlango wa ndani ufungwe. Nikaweka simu ndani ya sufuria ya shaba, sauti ikatoka nene na ya heshima. Makofi ya Guruji mwenyewe, ya jana. Nami nikanywa chai taratibu, miguu nimeinyoosha. Mama akapita na ndoo. Akatazama mikono yangu iliyoshika kikombe. Akasikiliza makofi. Akaninyang'anya kikombe, chai imo nusu, akaenda zake. Sijui ana nini huyu mama.

Nilizima simu kwa wakati. Guruji akatoka, amejishika ukutani, macho yamejaa maji. Akasema makofi yale yamemkumbusha mkono wa marehemu mwalimu wake, na hakuwahi kufikiri atausikia tena duniani. Akaniwekea kiganja kichwani. "Hatimaye, Huilgol," akasema. "Hatimaye, mwanangu."

Nilihisi kitu kimenichoma kifuani. Ni kukosa chai, hapana shaka.

Uzi anasema atanifunga mwezi ukiwa mpevu, hatangoja mwaka. Ila kesho anataka tuketi ana kwa ana, yeye aimbe, mimi nimshikie makofi, aone kwa macho yake kabla hajawaita watu. Nimepita duka la dawa nimenunua bendeji. Mkono wa kulia nitasema umeteguka, na wa kushoto nitautafutia sababu kesho.